Mlango wa Tatu

Jumatatu, 24 Septemba 1984

Kompyuta imefika leo ndani ya lori la baba, imefungwa katikati ya magodoro mawili na kamba ya kufungia ngamia. Mradi wa maji ninaoufanyia kazi ulikuwa na gari lake, lakini wakubwa waliogopa barabara, na hakuna mtu hapa Isiolo asiyejua kwamba baba yangu Shuriye akisema kitu kitafika, kitafika. Baba alishuka akiwa mweupe kwa vumbi, akaniambia, "Shamis, nimebeba ng'ombe, nimebeba chumvi, nimebeba maiti. Hii ndiyo mzigo ya kwanza imenifanya nipitwe na punda."

Mashine inawaka. Nimelala sakafuni mchana mzima nikiunganisha nyaya na nina furaha isiyoelezeka.

Alhamisi, 27 Septemba

Nimeamua kuandika kila siku, hata kama ni mstari mmoja, maana najua nitaulizwa baadaye nilifanya nini na lini.

Kazi yenyewe ni hii. Mvua ya masika haikunyesha. Mto Ewaso Nyiro umekauka kule Merti na watu wamechimba visima kwenye mchanga wa mto wenyewe, virefu kwa watu wanne au watano waliosimamiana. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka siku ya pili yake, chini ya jua kali, bila wingu hata moja, yakawakuta watu wamo visimani. Kwa hiyo mradi umefunga kipima maji kwenye daraja la Archers, huku juu. Kompyuta hapa ofisini inakiuliza kwa redio kila saa. Maji yakipita mita mbili, kengele inalia nje, mlinzi wa ofisi anakwenda kumwita mtu wa redio, na mtu wa redio anaiambia Merti, "Tokeni." Kutoka Archers hadi Merti maji huchukua kama saa kumi na tano. Saa kumi na tano zinatosha kutoa hata kuku.

Redio ni moja. Kompyuta inaitumia na watu wanaitumia. Programu inayokaa kati ya kompyuta na redio ndiyo ninayoiandika mimi. Wenyewe wanaiita dereva. Nilipomwambia baba aliuliza dereva huyo ana leseni ya darasa gani.

Jumanne, 2 Oktoba

Mtu wa redio anaitwa Dabasso. Ni Mborana wa Merti, ana miaka hamsini na kitu, anakaa mtaa wa Chechelesi hapa mjini. Sijapata kuona mtu mzito namna hii. Kabla ya kusema hupangusa kinywa cha redio kwa leso. Akimaliza kusema hutoa kidole kwenye kitufe, hukiangalia hicho kidole, kisha husema kwa sauti, "Nimeachia." Hata akiwa peke yake. Halafu anaandika kwenye daftari lake la shule. Mimi nikimngoja naona kama jua linatua.

Leo aliniuliza dereva wangu anafanya nini. Nikamwambia, nikidhani nitamchosha. Kila saa anaomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine aweke namba. Anafunga waya wa kuishtua kompyuta jibu likifika. Anashika redio. Anauliza. Akishapata jibu anarudisha vyote, akianza na kile alichochukua mwisho: anaachia redio, anafungua waya, anarudisha nafasi.

Dabasso akafikiri kidogo. "Ni kama kisima tu, binti. Wa kwanza kuingia anaenda chini kabisa. Mwingine juu yake, mwingine juu. Kutoka, yule wa juu anatoka mbele. Ukifanya vingine unakanyaga mtu kichwa."

Nilikasirika kidogo. Mimi ilinichukua muhula mzima Nairobi kuelewa jambo hilo.

Ijumaa, 5 Oktoba

Joto. Namba ya kwanza imetoka darajani saa nne kamili: sentimita kumi na moja. Nimepiga makofi peke yangu.

Jumatano, 10 Oktoba

Asubuhi nimekuta taa nyekundu ya redio inawaka na haizimiki. Dereva alikuwa ameshika redio tangu alfajiri. Merti walikuwa wakiita, hawasikiki, maana redio yetu ilikuwa inatuma ukimya mtupu hewani.

Dabasso alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma. "Hii kitu imelala na batani mkononi," akasema.

Nimetafuta chanzo. Jambo likiharibika, dereva ana milango mitatu ya kutokea. Wa kwanza: kipima hakijajibu kabisa. Wa pili: kimejibu upuuzi. Wa tatu: kimeanza kujibu kisha kikanyamaza katikati. Mlango wa kwanza na wa pili nimeiandika vizuri, kila kilichoshikwa kinaachiwa. Wa tatu niliuandika nikiwa nimechoka. Unarudisha nafasi ya kumbukumbu basi, unaondoka. Redio inabaki imeshikwa. Ni mistari minane tu inayokosekana, lakini nikiigusa sehemu ile lazima nijaribu upya yote, siku mbili au tatu.

Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: RUDI HAPA. Nimemwambia Dabasso ikilala tena, azime mashine awashe. Inaamka safi.

"Sawa," akasema, akaandika kwenye daftari lake.

Jumatatu, 15 Oktoba. Merti

Tumekuja na lori la baba, mimi na Dabasso, kuwaeleza watu. Mkutano ulikuwa kwenye ukingo wa mto. Chini mchangani visima vilikuwa vimejaa watu, ndoo zinapanda mkono kwa mkono na wanaimba, na ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika wanangoja zamu.

Hapa nilimkuta Kanchoro, mdogo wake Dabasso. Dabasso mzito, Kanchoro mwepesi, wembamba wote wa familia kapewa yeye. Kazi yake ndiyo iliyonishangaza. Juu ya visima, pale mto unapokata kona, kuna mtu hukaa mchana kutwa tangu mawingu yanapoanza kuonekana milimani hadi mvua iishe. Analaza sikio kwenye mchanga. Wanasema maji yakiwa mbali mchanga huvuma. Akisikia anapuliza pembe na watu wanapanda juu. Kwa kazi hiyo anapewa maziwa na ng'ombe zake hunyweshwa na wengine. Mwaka huu mtu huyo ni Kanchoro.

Mkubwa wetu wa Nairobi alikuwa ameniagiza niwaambie kazi hiyo haipo tena. Watu ni wachache, wengi wamehama na ngamia, na kila mkono unahitajika kwenye ndoo. Nikawaambia. Nikasema redio itajua nusu siku kabla ya sikio la mtu yeyote.

Kanchoro aliuliza swali moja, Dabasso akalitafsiri. "Anauliza, na hiyo mashine ikilala?"

Nilicheka. Nikasema mashine hailali. Dabasso aliniangalia, nikajua anafikiria taa nyekundu, nikakwepa macho yake. Akatafsiri nilivyosema.

Mke wa Kanchoro, Gumato, alifurahi kuliko wote. Alisema kitu kwa haraka, sikukishika, wanawake wakaangua kicheko, na Dabasso akakataa kunitafsiria. Baba, anayejua Kiborana cha sokoni, aliniambia njiani: "Alisema sasa atapata mume wa mchana pia."

Jumamosi, 20 Oktoba

Sikukuu. Nimefua.

Jumanne, 23 Oktoba

Taa nyekundu tena. Dabasso alizima, akawasha, akaandika. Hakuniambia neno na hilo liliniudhi kuliko kama angesema.

Mkubwa anakuja Ijumaa kuona kazi. Nilikuwa nimeamua kuurekebisha mlango wa tatu leo, lakini ametuma simu kwamba anataka namba zitoke kwenye karatasi zimepangwa vizuri, zenye kichwa cha habari na mistari. Nimeshinda nikichora mistari.

Ijumaa, 26 Oktoba

Mistari imesifiwa sana. Mkubwa ameniita "Shamis wetu" mbele ya watu.

Jumanne, 30 Oktoba

Mawingu meusi upande wa milima ya Nyambene na upande wa mlima mkubwa. Hapa mjini hakuna tone. Sentimita kumi na nne.

Jumamosi, 3 Novemba

Ofisi imefungwa saa saba. Nimeiacha mashine ikifanya kazi peke yake kama kawaida. Jioni harusi ya binamu yangu. Nimepakwa hina mpaka kwenye viwiko.

Jumapili, 4 Novemba

Naandika, kwa sababu nisipoandika leo nitaanza kesho kujidanganya.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dabasso aligonga kwetu. Hajawahi kuja kwetu. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa ametazama milima, moyo ukakataa kutulia, akapitia ofisini bila kuitwa na mtu. Akakuta taa nyekundu. Safari hii ilikuwa hafifu sana, karibu kuzimika.

"Imeshika tangu jana," akasema. "Betri imekufa."

Tulikimbia. Mimi na hina yangu mikononi. Karatasi ilionyesha yote: Jumamosi saa tisa, sentimita kumi na tisa. Saa kumi, sentimita tisini. Saa kumi na moja, herufi tatu na nusu, kisha hakuna kitu. Maji yalikuwa yamekata waya wa kipima wakati kinajibu. Kikaanza, kikanyamaza katikati. Dereva akatoka kwa mlango wa tatu na redio mkononi. Mita mbili hazikuwahi kuandikwa, kwa hiyo kengele haikulia. Redio ikatuma ukimya jioni yote na usiku wote mpaka ikanyonya betri, na kama kuna mtu wa Archers aliyejaribu kutuita, alikuta njia imezibwa.

Dabasso alizima, akawasha. Haikuamka. Betri haikuwa na nguvu ya kuwasha hata taa. Jenereta ilikataa kamba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Baba alikuja na betri ya lori ameibeba kifuani, asidi imemchoma shati, tukaifunga kwa waya wa kawaida. Saa mbili na dakika ishirini redio ikawaka. Dabasso hakuipangusa kwa leso.

Aliita Merti kwa Kiborana. Maneno machache, mara tatu: tokeni mtoni, tokeni mtoni. Akaachia.

Anayepokea redio Merti ni Bonaya, kijana wa dukani. Nyuma yake tulisikia watu wengi. Kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili asimwambie Dabasso kwa lugha ya mama yake: "Mzee, maji imepita hapa saa mbili kamili. Tumeita nyinyi tangu jana jioni kuuliza namba. Tulikuwa tunasikia shhh tu."

Dabasso akauliza nani.

Watu watano walikuwa kisimani chini ya kona. Kanchoro alikuwa wa juu kabisa, ndiye aliyeingia mwisho. Aliposikia mchanga akajua, kwa sababu hakuna anayejua sauti ile kuliko yeye. Alikuwa na haki ya kutoka kwanza na nafasi ya kutoka. Alijitegemeza mdomoni mwa kisima akawavuta wengine wampande mabegani, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Wanne wako hai. Yeye hajaonekana.

Dabasso alisema, "Nimesikia." Akatoa kidole kwenye kitufe. Akakaa.

Baba aliniweka mkono begani na mimi nikautoa, maana sikustahili.

Jumatatu, 5 Novemba

Hawajampata.

Jumanne, 6 Novemba

Wamempata, mbali sana chini ya Merti, amenaswa kwenye mikoche ya ukingoni. Wamemzika hukohuko. Dabasso ameenda na lori la kwanza.

Jumatano, 7 Novemba

Mkubwa amepiga simu. Amesikitika, kisha amesema taarifa iwe fupi: "Kifaa cha darajani kiliharibiwa na mafuriko." Nikamwambia kuna jambo kwenye programu. Akasema, "Shamis, si kifaa kiliharibiwa na mafuriko? Huo si ukweli?" Ni ukweli. Nimeandika taarifa. Sijaisaini.

Jioni nilifungua daftari la Dabasso kutafuta muda wa simu za Jumapili. Daftari zima ni mwandiko wake wa herufi kubwa. Oktoba 10: MASHINE HAIKUACHIA. NIMEZIMA NIMEWASHA. Oktoba 13, maneno yaleyale. Oktoba 17. Oktoba 19. Mara tisa kwa jumla kabla ya Jumapili ile. Mimi nilijua mbili. Hizo nyingine alizimaliza mwenyewe asubuhi kabla sijafika, ili mimi nifike nikute kila kitu sawa. Mtu niliyemwita mzito alikuwa anabeba uzembe wangu kila siku na hakumwonyesha mkubwa hata ukurasa mmoja.

Ijumaa, 9 Novemba. Merti

Nimekuja kutoa rambirambi. Baba ameniendesha bila kusema neno kutoka mji mdogo wa Kulamawe mpaka hapa. Mto una maji ya kahawia, ukingo hadi ukingo, na pembeni majani yameshaanza kutoka. Watu wanaomboleza na wanashukuru mvua kwa wakati mmoja.

Gumato alikuwa amekaa ndani na wanawake wa nyumba yake. Nilisema salamu, wakaitikia. Nikamwomba Dabasso anitafsirie. Nikasema: Nilijua tangu tarehe kumi Oktoba kwamba mashine yangu inaweza kushika redio isiiachie. Ilikuwa kazi ya siku tatu kuirekebisha. Sikuirekebisha. Na mimi ndiye niliyemtoa mume wako pale kwenye kona.

Dabasso alitafsiri. Nami Kiborana changu ni cha dukani, lakini duka la mama lilikuwa na wateja Waborana maisha yangu yote. Alisema: Binti wa Shuriye anasema pole sana, maji yalivunja mashine, ni mipango ya Mungu.

Gumato akatikisa kichwa kukubali, akaitikia kwa jina la Mungu. Kikombe cha chai kikaletwa mbele yangu.

Ningeweza kukinywa. Naandika hili kwa sababu kwa muda fulani nilikusudia kukinywa. Dabasso alikuwa ananiangalia, ananiomba kwa macho ninyamaze. Alikuwa amefiwa na ndugu yake na bado ananibebea.

Nikasema, "Mzee, si hivyo nilivyosema." Kisha nikalisema mwenyewe, kwa Kiborana kibovu, nikitafuta neno moja moja. Nilijua. Sikutengeneza. Ni mimi. Sikujua Kiborana cha "kusahau," na ilikuwa afadhali, kwa sababu sikusahau.

Gumato aliuliza siku ngapi. Nikamwonyesha kwa vidole: tatu, za kutengeneza. Akauliza, na siku ngapi tangu nijue. Vidole havikutosha. Nikasema ishirini na tano.

Hakulia, hakunitukana. Aliinua kile kikombe cha chai kutoka mbele yangu, akakiweka nyuma yake, akageuza uso ukutani. Mwanamke mmoja akanishika mkono akanitoa nje, si kwa nguvu.

Jumatano, 14 Novemba

Nimesaini taarifa yangu mwenyewe, kurasa nne, nimetuma Nairobi. Baba ameisoma kabla sijaifunga. Akasema, "Watakufukuza." Baadaye kidogo akasema, "Mimi nitakupeleka posta."

Jumamosi, 17 Novemba

Mvua usiku kucha. Sijatoka.

Alhamisi, 22 Novemba

Mistari minane nimeiandika kwa nusu saa. Siku mbili zilizobaki nimejaribu. Kipima kipya kimefungwa juu zaidi darajani. Fundi wa kule anachomoa waya katikati ya jibu, mimi natazama taa. Inawaka, inazimika. Mara arobaini. Nimeongeza pia kwamba namba isipofika, kengele ilie vilevile. Lilikuwa jambo dogo na sikuwahi kulifikiria. Nimeweka saa ya pembeni ambayo inakata umeme wa redio ikishikwa zaidi ya dakika moja, hata dereva akifa kabisa.

Dabasso amerudi kazini leo. Nilimweleza yote, mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kwa nini nilisema kule nyumbani, wakati yeye alikuwa ameshamaliza. "Ile neno imeumiza yeye mara ya pili," akasema. Huenda ana haki. Nilisema kwa ajili ya Gumato, au nilisema ili nipumue mimi? Mpaka leo sijui.

Jumatatu, 3 Desemba

Sijafukuzwa. Nairobi wamejibu kwa barua ya mistari mitatu kwamba wamepokea.

Wazee wa Merti wamerudisha mtu kwenye kona. Wamesema redio iendelee, lakini hawataki Bonaya peke yake awe anapokea namba, ana mambo mengi dukani. Wametaka mtu wa kusimama pale kwenye redio kila asubuhi na jioni. Gumato amejitolea. Ameuliza nani anasoma namba huku. Akaambiwa Dabasso. Akakataa. Amesema anataka kusomewa na yule aliyeitengeneza mashine, kila siku, kwa sauti yake.

Dabasso alinipa habari hiyo akiangalia pembeni, kisha akaniachia kiti chake.

Jumatano, 12 Desemba

Mji umejaa bendera na bendi ya shule inapita barabarani. Ofisi imefungwa lakini nimekuja.

Hii ni siku ya tisa. Saa mbili kamili asubuhi naita Merti, naye Gumato anakuwa ameshafika. Siku ya kwanza nilianza kwa salamu. Hakuitikia. Siku ya pili vilevile. Sasa nasoma namba tu. Yeye anairudia kwa Kiswahili, polepole, na mimi lazima niseme ndiyo, ndiyo hiyo. Hatujazungumza lolote jingine.

Leo nilisema, "Mita moja na sentimita ishirini. Maji yanapungua."

Akarudia, "Mita moja na ishirini." Nikasikia anapumua. "Jana ulisema moja na arobaini."

"Ndiyo. Yanapungua."

"Una uhakika?"

Niliinuka nikaangalia karatasi, ingawa nilikuwa nimeshaiangalia mara tatu. Nikarudi nikamwambia nina uhakika.

"Kesho pia," akasema.